Vidole Vinne Chini ya Mbavu

Tumbo lilicheka.

Sekunda Ndunguru aliirudisha mikono yake haraka kama aliyegusa sufuria la moto. Alikuwa peke yake katika chumba cha kuhifadhia kahawa, nyumbani kwao Litembo. Nje ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umelala juu ya ngoro, yale mashimo ya kilimo cha mlimani yaliyopandwa maharage, na nyuma ya mlango alimsikia mama yake akimbembeleza Tasiana anywe uji. Mbele yake palikuwa na meza tupu. Lakini ndani ya glavu zake mlikuwa na tumbo la mwanamke, la joto, linalopanda na kushuka kwa pumzi, na sasa lilikuwa likitikisika kwa kicheko.

Alingoja kicheko kiishe, akarudisha mikono polepole.

Glavu za hisi zilifanya kazi pande zote mbili. Mahali fulani nchini, katika zahanati asiyoijua, mwanamke asiyemjua alikuwa amelala chini ya shuka lililofumwa kwa nyuzi laini za umeme. Sekunda alipobonyeza hewani, shuka lilibonyeza kule. Ngozi ilivyojibu kule, ndivyo glavu zilivyomjibu huku. Sauti na sura havikupita. Hivyo vilibaki nyuma ya Pazia, na Pazia ndilo lililokuwa fahari ya Chuo cha Tiba Lukwambe, kwa kuwa liliwawezesha wanafunzi kujifunza kugusa wagonjwa bila mgonjwa yeyote kutambuliwa. Wakati mwingine mwili uliokuja kwenye glavu ulikuwa kumbukumbu, mtu aliyerekodiwa miaka ya nyuma na kurudiwarudiwa. Wakati mwingine ulikuwa wa mtu aliye hai dakika ileile. Mwanafunzi hakuambiwa yupi ni yupi.

Huyu aliitwa Kesi Thelathini na Moja. Darasa zima, wa mbali waliosomea majumbani na wa chuoni, lilikuwa likimgusa kwa zamu kila Jumanne.

Sekunda alianzia chini kulia kama alivyofundishwa, akapanda kwa mshazari kuelekea mbavu za kushoto, akingoja kila pumzi. Mgonjwa alipovuta hewa, kitu kigumu chenye ukingo laini kilishuka kikagonga ncha za vidole vyake. Bandama. Aliweka vidole kati ya ukingo ule na mbavu ili apime. Akapima tena. Kisha akavua miwani yake ya darasa, akaivaa upya, kana kwamba tatizo lilikuwa machoni.

Vidole vinne.

Mara ya kwanza alipoigusa kesi hii, mwezi uliopita, vilikuwa viwili. Alikumbuka vizuri kwa kuwa lilikuwa bandama la kwanza maishani mwake kulikuta bila kusaidiwa, na alitoka chumbani akicheza mbele ya magunia ya kahawa.

Alijaza: vidole vinne. Kioo cha miwani kikawaka wekundu. *Si sahihi. Jibu ni vidole viwili.*

Haukupita hata muda wa kuvua glavu, simu ikaita. Alikuwa Habib Mbarouk, mwanafunzi mwenzake, Mpemba wa Wete aliyekuwa akiishi palepale chuoni. Kwenye midahalo ya wanafunzi, Habib alikuwa mpinzani wake mkuu. Yeye Sekunda ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Wanafunzi wa Mbali, na Habib ndiye aliyesimama kila mara na kusema kwamba udaktari hausomwi nyumbani, kwamba kwao Wete hakuna mtu aliyejifunza kuogelea mchangani.

"Weye umekosa Thelathini na Moja?" Habib aliuliza, sauti imejaa furaha ya kitoto. "Jina lako limeshuka hapa ubaoni, twaliona sote. Mwenyekiti mzima!"

"Habib, wewe umemgusa leo?"

"Nimemgusa kabla yako."

"Ulihisi vingapi?"

Sekunda alisikia watu wakipita nyuma ya Habib, milango ikifunguliwa na kufungwa.

"Habib?"

"Vinne," alisema, furaha imemtoka.

"Ukajaza?"

"Viwili. Jibu ni viwili, Sekunda. Tangu mwezi uliopita jibu ni viwili. Niliuliza wenzangu hapa, kila mtu kahisi vinne. Tukasema labda glavu zimelegea. Mie nifanyeje, nikose alama kwa ajili ya glavu?"

"Glavu za darasa zima zimelegea kwa kipimo kimoja?"

Mlango mwingine ulifungwa upande wa Habib.

"Kumbukumbu haikui, Habib," Sekunda alisema taratibu. "Mtu aliyerekodiwa bandama lake haliwezi kuongezeka. Huyu ni mtu hai, na leo amecheka nilipomgusa. Sisi sote tumeukuta ugonjwa wake unakua, tukamwandikia kwamba haukui."

*

Profesa Atupakisye Mwakalinga, Mkuu wa Masomo ya Mbali, alipokea simu ya Sekunda mchana huohuo. Alitokea kwenye kioo akiwa ofisini, kitenge mabegani, miwani imesukumwa juu ya nywele za mvi.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Umejiandaa na kura ya wiki ijayo?"

Kila mtu chuoni alikuwa akiizungumzia kura hiyo. Baraza la Chuo lilikuwa likutane kuamua kama Masomo ya Mbali yaendelee au yafutwe, na wanafunzi wote warudishwe bwenini kama zamani. Kwa Sekunda halikuwa jambo la mjadala tu. Alijifungua Tasiana mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Kwa taratibu za zamani angekuwa amekwisha kufunga virago. Katika umoja wake alikuwamo kijana wa Ukara aliyekuwa akimwogesha baba yake aliyepooza kabla ya kila kipindi, na binti wa Loliondo ambaye asingeruhusiwa na watu wake kuondoka nyumbani. Hawa wote walikuwa wakiusogelea udaktari hatua kwa hatua, kutoka walipo.

Sekunda alimweleza Profesa yote. Kicheko, viwili, vinne, jibu la mtambo.

Profesa hakumkatiza. Alipomaliza, alishusha miwani machoni.

"Kesi hiyo iliingizwa na zahanati ikiwa na maelezo yake. Bandama la mtu aliyeugua malaria mara nyingi. Mgonjwa analijua."

"Analijua la vidole viwili, Profesa. Tunaomba ajue na haya mengine. Tunaomba zahanati iambiwe."

"Zahanati gani? Mimi mwenyewe siijui. Nililijenga Pazia hivyo makusudi." Alisita. "Unajua kwa nini? Kundi letu la kwanza halikuwa na Pazia. Mwanafunzi mmoja aliitambua sauti ya mjomba wake. Hakuwa na nia mbaya, alimwambia mama yake tu. Hata jua halijatua, kijiji kizima kilikuwa kinajua yule mzee anaumwa nini. Akaona aibu, akaacha dawa. Tulimzika, Sekunda. Nilisimama pale makaburini nikaapa kwamba hakuna mgonjwa atakayevuliwa nguo tena na chuo changu."

"Pole, Profesa."

"Kulifunua Pazia kunahitaji idhini ya Baraza zima. Nikiwaomba leo, watauliza kwa nini. Nikiwaambia kwamba wanafunzi wamehisi ugonjwa kisha wakaandika uongo, wiki ijayo hakutakuwa na Masomo ya Mbali. Mzee Tarimo wa Baraza anangoja kisingizio kama hicho." Alisogeza uso karibu na kioo. "Nipe mpaka kura ipite. Kisha nitalipeleka mwenyewe kwenye kamati ya maadili."

"Kamati inakaa lini?"

"Mwisho wa muhula."

Sekunda aliitazama mikono yake. "Bandama linaweza kukua kwa malaria, Profesa. Linaweza kukua kwa kichocho. Linaweza pia kuwa saratani ya damu. Mimi sijui na wewe hujui. Na yeye hajui kwamba kuna kitu cha kujua."

Sekunda aliona kwamba maneno yale yalikuwa yamemchoma Profesa.

"Usimguse zaidi ya ulivyoelekezwa," alisema mwishowe. "Usimtafute. Anayelifunua Pazia anafukuzwa, nami siwezi kukuokoa. Nakuomba kama mwalimu wako."

*

"Basi umefanya yako," mama yake alisema. Walikuwa uani wakichambua kahawa, punje mbovu huku, nzima kule. "Umemwambia mkubwa wako. Mzigo sasa ni wake."

"Hajaubeba, Mama."

"Na wewe ukiubeba utaupeleka wapi? Ukifukuzwa, huyu utamwambia nini?" Alimwonyesha Tasiana kwa kidevu. Mtoto alikuwa akijaribu kumvisha kuku kofia. "Mimi nimemlea ili wewe usome. Sijalalamika. Lakini usiniambie nimelea bure kwa ajili ya mtu ambaye hata jina humjui. Huyo mama ana watu wake."

"Watu wake wanadhani anatazamwa na madaktari. Ndiyo maana hawamtazami."

Mama yake alizidi kuchambua, vidole vinakwenda kwa hasira.

Jumanne ilikuwa inakaribia, na Sekunda alizunguka na jambo lile kama mtu mwenye jiwe kiatuni. Akipaza sauti hadharani, mamia ya wenzake watafungiwa mlango. Akimtafuta mgonjwa, atalivunja Pazia, na mzee yule wa makaburini atakuwa amekufa mara ya pili. Akinyamaza, atakuwa daktari mwenye vyeti vizuri aliyeanza kazi kwa kumwacha mtu afe.

Wazo lilimjia akiwa anapitia hatua za uchunguzi, ambazo alizijua kama sala. Uchunguzi wa tumbo hauanzi tumboni. Unaanzia mkononi. Mwanafunzi hushika kiganja cha mgonjwa kwanza, ahisi joto lake, jasho lake na mapigo ya damu kifundoni. Shuka lilifika mpaka kwenye viganja.

Yeye hakuhitaji kumjua mgonjwa. Mgonjwa ndiye aliyehitaji kujua.

*

Jumanne alifunga mlango wa chumba cha kahawa, akavaa miwani na glavu, akaingia. Kiganja cha Kesi Thelathini na Moja kilikuwa na unyevu, na moto kuliko siku zote. Sekunda alikishika kama ilivyotakiwa. Kisha akanyoosha kidole cha shahada, akaandika katikati ya kiganja, herufi kubwa, taratibu.

P.

Mkono ulishtuka ukajikunja. Kicheko kilipita mwilini kama upepo kwenye majani, alikuwa ametekenywa. Sekunda alingoja. Akabembeleza vidole vile vifunguke, akaandika tena herufi ileile. Safari hii mkono haukucheka. Ulitulia, kama mtu aliyenyamaza ili asikie vizuri.

I. M. A.

Alipumzika kidogo, ili neno lijulikane limekwisha. Jasho lilikuwa likimtiririka mgongoni licha ya baridi ya Litembo.

D. A. M. U.

Vidole vya mgonjwa vilijifunga juu ya kidole chake, vikakishika kwa nguvu. Nguvu ilikuwa ya kweli kiasi kwamba Sekunda alitazama chini, akashangaa kuona hewa tupu. Kisha vile vidole vilimwachia, na kitu kikaanza kutembea ndani ya kiganja chake mwenyewe. Mgonjwa alikuwa anaandika.

N. A. N. I.

Macho ya Sekunda yalijaa machozi. Tangu aanze masomo alikuwa amegusa miili isiyohesabika, na hakuna hata mmoja uliowahi kumuuliza yeye ni nani. Alitamani kuandika jina lake lote. Lakini hilo lingekuwa kulifunua Pazia kutoka upande wake, na muda wa zamu ulikuwa unayoyoma. Aliuacha mkono, akaenda moja kwa moja kwenye ubavu wa kushoto. Aliweka vidole vinne pale ukingo wa bandama ulipofika, akagonga kwa upole, mara kwa mara, kama mtu anayebisha hodi. *Hapa. Hapa.*

Mwili wote ulikaa kimya. Haukucheka.

Zamu ikaisha. Akajaza jibu lake: vinne. Kioo kikawaka wekundu kama kawaida, kisha kikafanya kitu ambacho hakijawahi kufanya. Glavu zilipoa mikononi mwake, zikawa kitambaa tu, na maneno yakatokea: *Mguso usioruhusiwa. Umesimamishwa masomo. Utaitwa mbele ya Baraza.*

Alipofungua mlango, mama yake alikuwa amesimama pale na Tasiana mgongoni. Alimtazama usoni.

"Nilijua hutanyamaza. Nguo zako za safari zimeshapigwa pasi," alisema. "Na zangu. Huendi peke yako."

*

Ukumbi wa Lukwambe ulikuwa umejaa. Kesi ya Sekunda ilikuwa imepangwa siku moja na kura. Wanafunzi wa chuoni walikaa vitini. Wa mbali walikuwa wameuzunguka ukumbi kwenye vioo ukutani, nyuso kutoka Ukara na Loliondo na Kalambo, wengine na watoto magotini. Mzee Gervas Tarimo, Mwenyekiti wa Baraza, daktari wa upasuaji aliyestaafu, alimtazama Sekunda juu ya miwani yake.

"Binti, ulijua kwamba unavunja sheria?"

"Nilijua, Mheshimiwa."

"Kwa nini ulivunja?"

"Kwa sababu nilimkuta na vidole vinne, na kila nilipoandika vinne mtambo uliniambia nimekosea. Nilimwambia mwalimu wangu, nikaambiwa nisubiri. Nilikubali kusubiri kwa ajili yangu. Sikuona kama nina haki ya kusubiri kwa ajili yake. Sikulifunua Pazia. Mpaka leo sijui ni nani. Nilimwambia tu kilichokuwa chake."

"Mtambo ulikuwa na jibu lililothibitishwa. Darasa zima walijibu viwili. Wewe peke yako ulijibu vinne. Kwa nini tusiamini kwamba wewe ndiye uliyekosea?"

Kiti kililia kwenye sakafu. Habib Mbarouk alikuwa amesimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mie nilihisi vinne."

Ukumbi ukanong'ona. Mzee Tarimo aligonga meza.

"Nilihisi vinne," Habib alirudia, uso umemwiva, "nikajaza viwili kwa kuwa nilitaka alama. Na si mie pekee."

Alikaa. Palepale akasimama msichana wa safu ya mbele. "Nilihisi vinne, nikajaza viwili." Kisha mwingine. Kisha kutoka ukutani, kijana wa Ukara, baba yake akionekana kitandani nyuma yake: "Vinne. Nilijaza viwili." Wakasimama mmojammoja, wa vitini na wa ukutani, kila mtu akisema kwa kinywa chake, mpaka sauti zikaanza kupandana na hakuna tena aliyeweza kuzitenganisha. Profesa Mwakalinga, aliyekuwa ameketi pembeni, alifunika uso kwa mikono.

Mzee Tarimo alingoja kimya kirudi.

"Basi mmenisaidia kazi," alisema kwa uzito. "Mmethibitisha wenyewe. Mafunzo haya yanazalisha madaktari wanaowaamini mitambo kuliko wagonjwa. Hii ndiyo sababu tosha ya kuyafuta."

Habib alisimama tena. Sekunda alijiandaa kwa maneno aliyoyasikia mara nyingi midahaloni. Lakini Habib alimgeukia yeye, akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayeomba radhi, kisha akamgeukia Mwenyekiti.

"Mheshimiwa, mie si mwanafunzi wa mbali. Nalala hapa bwenini, wodi naiona dirishani. Kwa miaka nimewaambia hawa wenzangu kwamba wao ndio watakuwa madaktari wabovu. Na nikajaza viwili vilevile. Umbali haukunifanya mwongo. Alama ndizo. Huyu aliyeko Litembo, kwenye chumba cha kahawa, alimkaribia yule mgonjwa kuliko mie niliye hapa. Mkiufuta umbali mkaacha alama zitutie woga, hamjafuta kitu."

Hakuna aliyepiga makofi.

Ndipo Profesa Mwakalinga alipoinuka. Alionekana amezeeka tangu asubuhi.

"Mwenyekiti, nilimwomba mwanafunzi huyu asubiri. Niliogopa kura hii kuliko nilivyomwogopea mgonjwa. Hilo ni langu, na niko tayari kulijibia. Lakini kuna simu inangoja, na nadhani Baraza linapaswa kuisikia. Aliyepiga amelifunua Pazia mwenyewe. Hilo hakuna sheria inayomkataza."

Mzee Tarimo aliinua mkono. Kioo kikubwa kikawaka, na akatokea mwanamke wa makamo kwenye kitanda cha hospitali, kilemba chekundu kichwani, bomba la dripu mkononi. Alisogea karibu na kamera kama anayechungulia dirishani.

"Mnanisikia? Haya. Naitwa Somoe Nampembe, wa hapa Masasi. Ni refa wa mpira wa wanawake, kama mnataka kujua sauti hii nimeipata wapi." Mahali fulani ukumbini mtu alicheka. "Namtafuta aliyeniandika mkononi."

Sekunda alisimama. "Ni mimi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wee! Kumbe ni mdogo hivyo." Bi Somoe alimtazama kwa muda, kisha uso ukabadilika. "Sikilizeni, wakubwa. Mimi nilijitolea ili watoto hawa wajifunze. Kila Jumanne naguswa na darasa zima. Mwili ukachoka, usiku natokwa jasho, sketi zinanivuka. Dada yangu akaniambia nenda kapime. Nikamwambia, nikapime nini? Mimi napimwa kuliko rais! Nilijiona niko salama kuliko mtu yeyote Masasi. Kumbe wote walikuwa wanajua, isipokuwa mimi."

Wanafunzi wengi waliinamisha vichwa.

"Siku ile naandikwa, nilidhani mtambo umeharibika. Ilipofika 'pima', nikaacha kucheka. Nilitoka chini ya shuka nikamwambia nesi: siondoki hapa mpaka nitolewe damu. Daktari yuko hapa, awaambie."

Daktari wa hospitali alitokea pembeni yake. Alisema, kwa ruhusa ya mgonjwa, kwamba ni saratani ya damu, ya aina iendayo polepole kabla haijageuka kuwa kali. Kwamba ikigeuka huwa vigumu kuirudisha. Na kwamba hii ilikuwa haijageuka. Kwa aina hiyo kulikuwa na vidonge, na ameshaanza kuvimeza.

"Nitapona?" Bi Somoe alimuuliza mbele ya watu wote.

"Utameza dawa miaka mingi, Mama. Lakini tunatarajia utaimeza ukiwa uwanjani."

Kutoka nyuma kabisa ya ukumbi kigelegele kikapasuka, kirefu, kisicho na aibu. Sekunda aliijua sauti ile kabla hajageuka. Mama yake alikuwa amesimama juu ya benchi, Tasiana mkononi, na baada ya kigelegele chake vikafuata vingine vitini na ukutani, mpaka Mzee Tarimo akaacha kugonga meza.

Kulipotulia, yule mzee alivua miwani. "Binti Ndunguru. Sheria umeivunja, na onyo utalipata, litaandikwa. Sasa niambie kitu ambacho sikupanga kukuuliza. Kama ungekuwa wewe hapa nilipo, ungefanyaje?"

Sekunda aliwatazama wenzake wa ukutani. Kisha akamtazama Habib.

"Nisingelivunja Pazia, Mheshimiwa. Yule mzee aliyezikwa alikuwa na haki yake. Ila ningempa mgonjwa kamba ya kulivutia, awe yeye ndiye anayeamua. Ningeruhusu sauti ipite, ili kabla sijamgusa mtu nimsalimie na kumwomba. Mwanafunzi akihisi tofauti na jibu la mtambo, ningetaka daktari wa zahanati aambiwe siku hiyohiyo, na mwanafunzi asikatwe alama kwa kusema alichokihisi. Na ningetupeleka sisi wa mbali tukakae na wagonjwa, muhula mmoja kila mwaka, kwenye hospitali zilizo karibu na kwetu. Habib yuko sahihi katika hilo. Nilikuwa nabishana naye kwa kuwa niliogopa kwamba nikikubali kidogo, nitanyang'anywa vyote."

"Na wa chuoni wavae glavu wakae na watu wa mbali," Habib alidakia bila kuomba ruhusa. "Nasi tuna la kujifunza."

Kura ilipigwa kabla ya chakula cha mchana. Masomo ya Mbali yalibaki, pamoja na kila alilolisema. Mikono iliinuka mezani mmoja baada ya mwingine, na wa Mzee Tarimo ulikuwa wa mwisho, lakini uliinuka, na haukuwa wa kusitasita.

*

Muhula wake wa wodini Sekunda aliomba kuufanyia Masasi. Haikuwa karibu na kwao, ila hakuna aliyemkatalia.

Miezi ilikuwa imepita. Bi Somoe alikuja kliniki mchana akiwa amevaa jezi nyeusi ya urefa, filimbi shingoni, amekasirika kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na mechi ilikuwa saa kumi. Sketi hazikuwa zikimvuka tena. Walishikana mikono, wakacheka, kisha wakakumbatiana pale mlangoni mpaka wagonjwa wengine wakaanza kulalamika.

"Haya, daktari mtarajiwa," Bi Somoe alisema, akijilaza kitandani. "Safari hii njoo mwenyewe."

"Naitwa Sekunda Ndunguru, mwanafunzi wa mwaka wa nne. Unaniruhusu nikuguse tumbo, Mama?"

"Nakuruhusu. Mikono ina baridi?"

"Nimeisugua."

Hakuwa na glavu za hisi. Alianzia chini kulia, akapanda kwa mshazari. Ngozi ilikuwa na makovu madogo ambayo shuka halikuwahi kumwonyesha, na alama ya mkanda wa sketi. Alipofika chini ya mbavu za kushoto, Bi Somoe alianza kutikisika kwa kicheko, na safari hii kicheko kilikuwa na sauti, kubwa, iliyojaza chumba.

"Vuta pumzi, Mama. Taratibu."

Akavuta. Sekunda alingoja ule ukingo ushuke umguse. Akangoja pumzi ya pili. Akazamisha vidole kidogo zaidi, akafumba macho, akasikiliza kwa ncha za vidole vyake kadiri alivyoweza.

"Vingapi?" Bi Somoe aliuliza, akiwa ameacha kucheka.

"Sikuti kitu."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja, Mama. Pametulia. Hakuna kitu."

Bi Somoe alitazama darini. Kifua kilipanda na kushuka. Kisha akaketi ghafla, akavuta jezi yake chini na kuishika filimbi isiruke.

"Umetoka Litembo yote hiyo mpaka Masasi kuja kukuta hakuna kitu?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi andika hivyohivyo, kwa herufi kubwa," alisema, miguu imeshagusa sakafu. "Na uniruhusu nikimbie. Wale wasichana bila mimi watachezeana rafu."